Kelele Ikizidi, Msikate Ethi



Likizo ya Pasaka nilikuwa nyumbani, Tukuyu. Wenzangu wakienda likizo wanapumzika, mimi nilikwenda kutafuta mvumo. Ndiyo, mvumo. Ule mlio wa "mmmmm" unaotoka kwenye spika kabla mtu hajafungua mdomo. Nimeutafuta siku nne na nimeupata. Lakini katikati ya kuutafuta nilifanya kosa ambalo lingeweza kumpeleka mtu kaburini. Ndiyo maana leo naandika.

Kwanza nieleze nilichokuwa naunda. Nilipomwambia mama kwamba natengeneza kompresa, aliniuliza kwa upole kama gazeti limenifukuza kazi na sasa nafungua banda la kujaza upepo matairi. Jirani mmoja akauliza kama ni ya friji. Hapana jamani. Ni kompresa ya sauti.

Fikiria mtu aliyekaa ameshika kitufe cha sauti ya redio. Mwimbaji akipaza, anapunguza haraka. Mwimbaji akishuka chini, anarudisha. Kompresa ni huyo mtu, ila yeye hachoki wala hasinzii. Wanaorekodi kwaya wanaijua thamani yake: sauti ya kwanza ikipiga kelele haiwafuniki besi, na yule dada anayeimba taratibu ubeti wa pili naye anasikika.

Sasa kwa nini niunde na siku hizi kompyuta ina programu ya kazi hiyo bure? Sababu ni mapenzi tu. Kuna kompresa moja inaitwa Fairchild 670, iliyobuniwa na mhandisi mzaliwa wa Estonia, Rein Narma, huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Ina valvu 20, vile vibalbu vya kioo vinavyowaka mwanga mwekundu ndani, na uzito wake unakaribia kilo 30. Leo inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mimi ni mwandishi wa habari. Hesabu iliyobaki mnaijua.

Lakini nilikuwa nimesoma jambo lililonikosesha usingizi. Siri ya mashine ile ni aina ya valvu ambayo ukibadilisha volti kidogo kwenye gridi yake, inabadilisha nguvu ya kukuza sauti polepole, bila kuikata ghafla. Na valvu za tabia hiyo zilikuwa ndani ya redio za kawaida za wazee wetu! Zile redio za mbao zilizokaa sebuleni zimefunikwa kitambaa zilikuwa nazo, kwa mfano EF89, kwa ajili ya kuzuia sauti isipande na kushuka pale mawimbi ya stesheni yanapoyumba. Kumbe babu yangu alikuwa na nusu ya kompresa sebuleni na hakujua.

Hapa Tukuyu kuna fundi redio mmoja mzee. Sitamtaja jina, hapendi mambo ya magazeti. Kwenye kabati lake ana valvu alizozihifadhi tangu watu walipoanza kuzitupa redio za mbao na kununua za transista. Alikuwa na EF89 sita. Tukazipima, tukachagua mbili zinazofanana, maana katika kompresa ya namna hii zinafanya kazi kwa kusukumana kama watu wawili wanaokata gogo kwa msumeno mmoja. Zikipishana sana, kila kompresa inaposhika unasikia "dup!" kwenye spika. Akanipa na transfoma ya redio hiyohiyo. Nikalipa kidogo, nikaondoka nikijiona mhandisi.

Kwaya ya kwetu ilikuwa inasubiri. Mnaoifahamu Rungwe mnajua kwaya huku ni kitu gani. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na uimbaji wa sauti nne haujalala tangu hapo. Kwaya yetu ilikuwa imechangishana hela za ndizi na viazi ili irekodi nyimbo nane. Hela hazikutosha studio ya mjini, zikatosha kukodi maikrofoni mbili. Mengine, wakasema, "mwandishi atatufanyia." Mwandishi ndiye mimi.

Basi usiku wa kwanza ukumbini nikaunganisha kila kitu. Maikrofoni zikaingia kwenye mikisa, lile boksi la vitufe vingi, na mikisa ikaingia kwenye kompresa yangu. Nikawasha. Valvu zikaanza kuwaka taratibu. Watu wakasogea kuangalia. Halafu spika zikaanza: "mmmmmmmm."

Niliona aibu. Waimbaji 30 wamekaa kwenye mabenchi, nje mvua inamwagika, na mtu mwenye digrii amesimama mbele hana jibu. Kijana mmoja anayeshughulikia vyombo vya kwaya akaninong'oneza, "Kaka, hiyo ni ethi. Ikate tu. Sisi huwa tunakata."

Nikafungua plagi ya kompresa. Nikachomoa ule waya wa kijani na njano, nikaukunja, nikafunga plagi. Nikawasha tena.

Kimya! Ukumbi ukapiga makofi. Nami nikapokea makofi hayo, ndugu zangu, kama mtu aliyefanya kazi.

Kesho yake asubuhi yule mzee akapita kuona valvu zake zinaendeleaje. Nikamwonyesha kwa majigambo. Hakuangalia valvu. Aliangalia plagi.

"Nani kakata hii?"

"Mimi, mzee. Ilikuwa inaleta mvumo."

Akanyamaza kidogo. Kisha akachomoa plagi ukutani, akafungua boksi, akachukua rezista aliyoifungia waya na kushusha chaji iliyobaki kwenye kapasita, halafu akahakikisha kwa mita. (Kumbukeni hili: mashine ya valvu inaweza kuwa na volti 300 ndani yake hata baada ya kuchomolewa.) Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni muda wote. Alipomaliza akaniita nisogee, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi.

Waya wa umeme unaingia kwenye boksi kupitia tundu nililolitoboa mwenyewe kwenye bati. Kingo za tundu zilikuwa kali na sikuweka raba. Kwa kubebwa huku na huku, plastiki ya waya wa moto ilikuwa imekwaruzika hadi shaba inaonekana. Ilikuwa imebakiza nafasi ya unywele kugusa bati.

"Mwanangu," akasema, "huu waya ukigusa bati na ethi ipo, fyuzi inakatika na unanuna tu. Ukigusa na ethi umeikata, boksi zima lina volti 230 na hakuna wa kukwambia."

Nikajitetea kwamba boksi bado lilikuwa limeungana na mikisa kwa waya wa sauti, na mikisa ina ethi yake. Akakubali. Akasema ndiyo hatari yenyewe: uhai wa watu umeuning'iniza kwenye kiwaya chembamba cha sauti. Kiungue, au mtu akichomoe, basi. Nani huchomoa waya wa sauti? Mwalimu wa kwaya, mkono mmoja umeshika boksi lako, mwingine mikisa. Na sakafu ni ya saruji, na watu wameingia na miguu imelowa mvua.

Sikuwa na la kujibu. Niliwaza yale makofi.

Hapo ndipo hoja yangu ya leo ilipo. Ule mvumo ulikuwa unaniambia kitu, na mimi nilichofanya ni kumziba mdomo anayeniambia. Tena nilimziba kwa kukata kitu pekee kilichokuwa kinalinda watu.

Tukarudisha ethi. Tukaweka raba kwenye tundu na kubadilisha waya. Mvumo ukarudi, mzima kabisa. Mzee akacheka. "Haya sasa, tumtafute kwake anakokaa."

Naeleza tulivyofanya, kwa faida ya wenye vyombo, na pia kwa sababu katika miaka yangu yote ya shule sijafundishwa somo zuri la kutafuta chanzo kama lile.

Jambo la kwanza alilokataza ni kubadilisha vitu viwili kwa mara moja. Ukibadilisha viwili na mvumo ukaisha, hujui ni kipi kilikuwa na kosa.

Akaniambia nichomoe waya unaotoka kwenye mikisa. Mvumo ukapungua sana. Kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa inaingia kutoka nje. Kumbe kompresa ilichomekwa kwenye soketi ya jukwaani, na mikisa kwenye soketi ya mlangoni upande wa pili. Ethi mbili za njia tofauti, halafu waya wa sauti unaziunganisha. Hapo umetengeneza mduara mkubwa wa waya kuzunguka ukumbi, na mkondo mdogo unazunguka humo na kuingia kwenye sauti. Tukachomeka vyote kwenye ekstensheni moja, ukashuka. Kisha tukaweka kati ya mikisa na kompresa transfoma ndogo ya sauti tuliyoifungua kwenye modemu ya zamani ya simu. Transfoma hiyo inapitisha sauti kwa sumaku tu, bila waya wa huku kugusana na waya wa kule. Mduara ukakatika. Ethi zote mbili zikabaki mahali pake.

Mnaona? Kukata kulihitajika kweli. Ila kinachokatwa ni mduara kwenye njia ya sauti. Ethi ya usalama haiguswi.

Ukabaki mvumo mdogo wenye ukali kidogo, kama nyuki ndani ya debe. Huu ulikuwepo hata mlango wa kuingizia sauti ukiwa umefungwa. Nikawasha programu ya kupima sauti kwenye simu. Mstari mkubwa ukasimama kwenye hezi 100. Umeme wetu ni hezi 50, lakini ukipita kwenye kirekebishi, nusu ya chini inageuzwa kuwa juu, basi mawimbi yanakuwa mara mbili, 100. Ukiuona huo, usihangaike na ethi, angalia kapasita za kusafishia umeme. Ya kwetu ilikuwa ya redio ya zamani, imekauka ndani. Tukaweka mpya ya mikrofaradi 47, volti 450. Nyuki wakaondoka.

Siku ya tatu tukapambana na hezi 50 iliyobaki. Hapa mzee alinionyesha ujanja mtamu. Alikata kwa sekunde chache umeme unaopasha moto valvu, ile volti 6.3. Valvu hazipoi mara moja, kwa hiyo sauti iliendelea kutoka, lakini mvumo ulitoweka papo hapo. Ushahidi umekamilika. Nilikuwa nimepitisha nyaya za kupashia moto zikiwa zimenyooka, sambamba na waya mwembamba unaoingia kwenye gridi ya valvu ya kwanza. Tukazisokota pamoja kama kamba, tukazilaza pembeni kwenye bati, na tukaweka rezista mbili za omu 100 ili katikati yake pashikwe na ethi. Ikabaki kama pumzi tu.

Siku ya nne ilikuwa ya mikwaruzo: "krr, krr," kama mtu anakaanga mahindi mbali. Mzee akachukua kijiti kikavu cha mbao na kuanza kugonga kila kitu taratibu, kimoja kimoja. Akigonga rezista moja ya zamani ya kaboni, kelele zinaruka. Rezista za aina ile hunywa unyevu, na Tukuyu, ndugu zangu, unyevu ni jina la pili la mji. Tunapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tukabadilisha rezista, tukachomea upya viungo viwili vilivyokuwa na kutu.

Jioni tukawasha. Kimya. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, maana hakukuwa na watu, tulikuwa wawili tu na taa ya karabai ikitusaidia pale balbu ilipokuwa dhaifu. Nikamwambia, "Ndaga fijo, mzee." Akasema nikamlipe valvu zilizobaki.

Sasa turudi kwenye hoja.

Yule kijana wa vyombo alisema, "sisi huwa tunakata." Hilo neno "huwa" ndilo linalonitisha. Tangu siku ile naangalia plagi kila ninapokwenda. Naona amplifaya za baa zenye plagi ya miguu mitatu iliyofunguliwa ndani na kukatwa waya. Naona plagi za miguu miwili zimelazimishwa kwenye soketi ya tundu tatu kwa kusukuma kijiti au mfuniko wa kalamu kwenye tundu la ethi. Naona kumbi ambazo ethi ipo kwenye soketi, lakini ukifuata waya wake nje ya ukuta unaishia hewani, kwa sababu kile chuma cha shaba kilichochimbiwa ardhini kiliuzwa kama chuma chakavu zamani. Watu wanaimba, wanacheza, wanahubiri. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo tunaamini hakuna tatizo.

Wapo watakaosema nakuza mambo. Wataniambia wamekata ethi miaka kumi na hawajapigwa shoti. Naam, nami nilikata na sikupigwa. Nilibakiza unywele. Ethi ni kama mlinzi wa usiku: usiku ambao mwizi hajaja, mshahara wake unaonekana hasara.

Na wapo watakaosema vyombo vizuri havina shida hizi, tununue vipya. Hili nalo nalikataa. Mduara wa ethi ukumbini haujali chombo ni kipya au ni cha redio ya babu. Ukinunua mikisa ya mamilioni na kuichomeka upande wa pili wa ukumbi, unaweza kupata mvumo uleule, na kijana yuleyule atakuja na bisibisi ileile.

Naongeza moja, mniwie radhi wasomi wenzangu. Sisi tuliopita vyuoni tuna haraka ya kuonekana tumeweza. Mimi nilikata ethi kwa sababu watu 30 walikuwa wananitazama. Mzee asiye na cheti alichukua siku nne kwa sababu hakuna aliyemtazama, na hata wangemtazama asingejali. Katika kazi yangu ya gazeti naona tabia hiyohiyo. Wananchi wakilalamika maji ni machafu, kuna ofisi inayotafuta bomba lililopasuka, na kuna ofisi inayomtafuta aliyelalamika. Zote mbili zitapata ukimya. Ukimya wa pili ndio ule wa usiku wangu wa kwanza.

Kwa hiyo naomba mambo matatu tu. Kama una ukumbi, kanisa, baa au studio ya chumbani, mwite fundi umeme aliyesoma kazi yake apime ethi, na aweke ile swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Kama chombo kinavuma, chomeka vyote sehemu moja kwanza, kisha tafuta hatua kwa hatua. Na mtu akikwambia "kata ethi tu," mshukuru kwa nia njema, halafu mnyang'anye bisibisi.

Mnataka kujua kama tulirekodi? Tulirekodi. Lakini usiku wa tano, mashine ikiwa kimya kabisa, kwaya ikaanza, na kila ilipotua kati ya beti nikasikia "shhhhh" ikipanda kwenye spika. Nikakata tamaa. Nikamwangalia mzee. Yeye akanyoosha kidole juu, kwenye bati.

Mvua.

Ndivyo kompresa ilivyo. Inashusha vilele, kisha unapandisha vyote. Ukipandisha desibeli 10, sauti ya dada wa ubeti wa pili inapanda, na mvua juu ya bati nayo inapanda desibeli 10. Kelele hiyo hakuileta fundi wala valvu. Ilikuwepo siku zote, sisi ndio tulikuwa hatuisikii.

Tukaahirisha. Tukarudi saa kumi na moja alfajiri, mvua imekata, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, waimbaji wamejifunga mablanketi. Nyimbo nane tukamaliza kabla ya saa tatu. Mwalimu wa kwaya alichomoa waya wa sauti kwa mikono yake miwili, mmoja juu ya boksi langu, mwingine juu ya mikisa.

Mimi na mzee tukatazamana.

Nawasilisha.